Macho ya Kuazima: Habari za Kusoma na Kuandika katika Nchi Yetu



Nilipokuwa kijana wa shule, katika miaka ya 1960, alikuwako jirani yetu mmoja, bibi mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Siku moja barua ikaletwa. Bibi yule akaishika kwa mikono miwili, akaja nayo kwetu, akaniambia, "Mjukuu wangu, nisomee." Nikaifungua, nikaisoma kwa sauti kuu kama tulivyofundishwa darasani, na wanawake waliokuwa wakitwanga uani wakaweka michi yao chini wapate kusikia. Kumbe barua ile ilikuwa na siri. Kijana alikuwa ameingia katika deni, naye alimsihi mama yake auze mbuzi wawili amletee fedha, wala asimwambie mtu. Nilipolifikia neno hilo la mwisho, nilikuwa nimekwisha kulisoma. Bibi hakunikemea. Aliitwaa karatasi yake, akaikunja, akasema, "Si kosa lako, mjukuu wangu. Mwenye kuazima macho hawezi kuyaambia yafumbe." Kabla ya jua kuchwa mji wote ulijua habari za deni lile.

Maneno hayo yamekaa moyoni mwangu miaka yote niliyofanya kazi ya ualimu. Watu wengi hudhani ya kuwa faida ya kusoma ni kupata kazi yenye mshahara, na mtu asiyeipata kazi hiyo huonekana kama kwamba alipoteza siku zake bure. Lakini bibi yule hakuitaka kazi ya ukarani. Alichokikosa ni kitu kidogo, tena kikubwa: kuwa na neno lake mwenyewe na mwanawe, bila mtu wa tatu. Basi leo nataka tuzitazame habari za zamani, tuone jinsi herufi zilivyoingia katika nchi yetu, ni akina nani walikuwa na macho yao wenyewe, na ni akina nani waliishi kwa macho ya kuazima.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja. Wako watu wasemao ya kuwa kabla ya kuja Wazungu hakuna mtu wa pwani hii aliyejua kuandika lugha yake. Sivyo. Ziko barua zilizoandikwa Kilwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, tangu mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa hata leo huko Goa katika Uhindi, kwa sababu Wareno waliokuwa wakiandikiana na watu wa Kilwa walikuwa na makao yao makuu ya mashariki huko. Tena mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa alitunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Fikirini, ndugu zangu: mama anaona ya kuwa huenda asiishi kumlea mtoto wake, naye anajua kwamba sauti ya kinywa hufa pamoja na mwenyewe. Basi akayatia maneno yake katika wino. Yeye alifariki dunia baada ya muda mfupi, lakini wasia wake unasomwa mpaka leo, na watu ambao hawakuzaliwa bado wataukuta.

Hata hivyo, elimu hiyo ya kuandika ilikuwa ya watu wachache. Watoto wa pwani walikwenda chuoni kujifunza Kurani, na wengi wao waliishia katika kusoma maneno ya Kiarabu bila kufikia kuiandika lugha yao wenyewe. Tena herufi za Kiarabu hazikuwekwa kwa ajili ya sauti za Kiswahili: alama za irabu zake ni tatu, na irabu zetu ni tano, hata msomaji alipaswa kuyajua maneno karibu yote kabla ya kuyasoma. Na huko bara, mtu aliyejua kuandika alikuwa ni mgeni apitaye na msafara, naye aliandika hesabu za mfanyi biashara, si za mwenyeji.

Sasa tuje Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walifika kisiwani, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Watoto hawa hawakuwa na baba wala mama karibu nao. Wengine hawakujua hata jina la nchi walikotekwa. Mashine ya kupiga chapa ikawekwa, na vijana waliotoka utumwani wakafundishwa kupanga herufi za risasi moja moja, kupaka wino na kukaza karatasi. Kazi ile haikuwa nyepesi, maana mpanga herufi huyasoma maneno kinyume. Dakta Steere aliwaketisha wenyeji wa Unguja wamsimulie hadithi zao, naye akaziandika kama walivyozisema. Hadithi hizo, pamoja na kitabu chake cha kufundishia lugha, zilitolewa karibu mwaka 1870. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale lilipokuwa soko.

Yatazameni mageuzi haya. Mtumwa hutajwa katika maandishi ya watu wengine: jina lake huandikwa katika hesabu ya jahazi, pamoja na bei yake, kama vile pembe au gunia la karafuu. Yeye mwenyewe hasomi, wala hajui limeandikwa nini. Lakini watoto wale waliokuwa wameandikwa na wengine sasa waliandika wao. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alipata ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akali mtoto, alisomeshwa Kiungani, akarudi katika nchi ya kusini kuwafundisha watu wa kabila lake, na mwaka 1890 akapewa ukasisi. Tena mwaka 1888 lilianza kupigwa chapa huko Kiungani gazeti liitwalo Msimulizi. Ndani yake walimu na wanafunzi waliotawanyika, wengine Unguja, wengine Bondei, wengine Ruvuma, walipeleka habari za vituo vyao, za mvua na njaa, za safari, za ndoa na misiba. Mtu aliyekuwa peke yake kijijini, mwendo wa majuma mengi kutoka kwa rafiki zake, aliupokea ukurasa ule akajua ya kuwa hajasahauliwa.

Wala faida ya chapa haikuwa kwa Wakristo peke yao. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyekuwa liwali, aliandika kitabu kirefu cha habari za Wakilindi, watawala wa Usambara, na kitabu hicho kilipigwa chapa huko Magila kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907. Habari zile alizipokea vinywani mwa wazee. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Laiti asingaliandika, leo tungalikuwa na majina ya wafalme machache tu, bila matendo yao. Watu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na mambo ya kale nayo ni mali, yasipoandikwa hupotea vivyo hivyo.

Lakini, ndugu wasomaji, nisiwaeleze upande mmoja tu. Herufi zaweza kuwa taa, na zaweza kuwa kamba. Serikali ya Wadachi ilipoitwaa nchi, ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890 ili ipate makarani, watoza kodi na wakalimani. Baada yao Waingereza nao walifanya kazi zao kwa karatasi. Mwaka 1923 walianza kutoa gazeti la Mambo Leo, lililopendwa sana na watu waliojua kusoma. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikawa ikisimamia tahajia, hata kitabu kilichopigwa chapa Nairobi kiweze kusomwa Tabora bila taabu. Haya yote yalikuwa mema. Lakini kwa mtu asiyejua kusoma, kuongezeka kwa karatasi kulikuwa kuongezeka kwa hofu. Zamani alihofu simba na njaa. Sasa alihofu na cheti. Alitia dole gumba katika wino, akalikandamiza mahali alipoonyeshwa, wala hakujua amekubali nini.

Mfano ulio wazi ni wa wakulima wa pamba katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyanza. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Hapo mzigo ukawekwa juu ya mzani, sindano ikazunguka, mnunuzi akataja hesabu, akaandika stakabadhi. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya ile sindano na ile karatasi, na mkulima hakuweza kuisoma moja wala nyingine. Udanganyifu katika kupima pamba ulikuwa mojawapo ya manung'uniko makubwa yaliyowafanya wakulima wale waungane. Wakaunda vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikajiunga kuwa chama kikuu cha nchi za Ziwa, ambacho kilikuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Angalieni jambo hili: chama cha ushirika hakiwezi kusimama bila watu wajuao kusoma. Panahitajiwa mtu wa kuutazama mzani, mtu wa kuandika daftari, na zaidi ya hao, wanachama wawezao kulikagua daftari. Maana kama karani peke yake ndiye ajuaye kusoma, basi mkulima amebadili mnunuzi tu. Macho yake ni ya kuazima bado.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Ilipofanywa hesabu ya watu mwaka 1967, ilionekana ya kuwa katika kila watu wazima 100, kadiri ya 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere hakukubali kungoja mpaka watoto wakue. Alisema ya kuwa maendeleo ya nchi yamo mikononi mwa watu wazima, kwa sababu hao ndio walimao, wajengao na waamuao. Mwaka 1968 ilianzishwa huko Mwanza kazi ya kufundisha kisomo chenye manufaa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Hapo watu wazima hawakupewa vitabu vya watoto vyenye habari za paka na mpira. Mlima pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, yaani mbegu, jembe, dawa, mzani. Na mvuvi kwa maneno ya samaki. Jambo hilo lilikuwa la hekima kubwa. Mtu mzima hana nafasi ya kujifunza jambo asiloliona maana yake, lakini neno "mzani" kwa mlima pamba halikuwa neno tu. Lilikuwa deni la zamani.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya chache, kama Mafia na Ukerewe, zikawekewa ahadi ya kuufuta ujinga wa kusoma kabla mwaka 1971 haujaisha, kisha kazi ikaenea katika nchi nzima. Madarasa ya ngumbaro, kama watu walivyoyaita, yalikaa chini ya miembe, katika maghala, katika makanisa na misikiti. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza shule ya msingi tu, na mwanafunzi wake alikuwa shangazi yake au babu yake, na heshima ilibidi itafutiwe njia, maana si rahisi kwa kijana kumwambia mzee, "Umekosea." Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya." Watu kadiri ya milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaondoka wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Hapo kusoma kulionekana kwa macho, katika shimo lililochimbwa na katika maji yaliyochemshwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1975 ulifanywa mtihani wa kwanza wa nchi nzima. Watu waliokuwa wamejiandikisha madarasani walizidi milioni 5, na wasiojua kusoma wakaonekana wamepungua mpaka 39 kwa 100. Mwaka 1986 wakahesabiwa kuwa chini ya 10 kwa 100. Ni nchi chache sana, hata zenye mali nyingi kuliko yetu, zilizofanya kazi kama hiyo kwa muda wa miaka kumi na mitano tu.

Na yule bibi jirani yetu? Naye aliingia ngumbaro. Alikuwa mwenye umri mkubwa, na mkono wake uliozoea jembe uliishika kalamu kama mtu ashikavyo mpini, akaivunja mara nyingi. Watu wengine wakamcheka. Alihudhuria vile vile. Mimi nilikuwa nimekwenda chuo cha ualimu, na niliporudi likizoni nikamwona siku moja ameketi kizingitini mwa mlango wake na barua mapajani. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole, kidole kikifuata mstari, na mara kwa mara kilirudi nyuma kuanza upya. Nikasogea, nikamwamkia, nikamwuliza kama ataka nimsaidie. Akaniitikia kwa furaha, akaifunika barua kwa upindo wa kanga yake, akaniambia, "Ahsante, mjukuu wangu, leo sina haja." Alichukua karibu saa nzima kuimaliza. Kisha akaikunja, akaifunga katika pembe ya kanga. Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini.

Ningependa kuimaliza habari yangu hapo, lakini ukweli wadai niendelee. Baada ya miaka ile mizuri, nchi iliingia katika shida ya uchumi. Karatasi zikawa haba, magazeti ya vijijini yakadhoofika, walimu wa ngumbaro wakakosa hata ile posho yao ndogo, na karo zikarudishwa katika shule za msingi mpaka zilipoondolewa tena mwaka 2001. Ilipofanywa hesabu ya watu mwaka 2002, ilionekana ya kuwa karibu watu 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Imekuwaje? Sababu moja ni watoto waliokosa shule. Lakini sababu nyingine, nami nimeiona kwa macho yangu, ni hii: wako watu waliojua kusoma, wakasahau. Walipewa cheti, wakashangiliwa, kisha hapakuwa na kitu cha kusoma. Kusoma ni kama njia ya shambani: ipitwapo kila siku hubaki nyeupe, iachwapo masika moja tu, nyasi huimeza.

Basi tukizikusanya habari hizi zote tangu Kilwa mpaka leo, twaona jambo moja. Herufi zimeletwa mara nyingi kwa haja ya watu wengine: mara kwa biashara, mara kwa dini, mara kwa kodi, mara kwa siasa. Zilikaa pale tu ambapo watu walizitwaa wakazifanya zao: mama kumwusia binti yake, mtoto wa utumwani kuliandika jina lake mwenyewe, liwali kuzihifadhi habari za wazee, mkulima kuitazama sindano ya mzani, mjane kuifunika barua yake. Mtu haachi kusoma jambo limhusulo. Huacha lile asiloliona lake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, na hasa ninyi walimu wenzangu, yatupasa tujiulize maswali machache. Je, nyumbani mwetu mna kitabu hata kimoja nje ya vitabu vya shule? Mtoto atokapo darasani, je, akuta mtu yeyote akisoma, au aona ya kuwa kusoma ni adhabu inayokwisha kengele ikilia? Mkutano wa kijiji ufanyikapo, je, hesabu za fedha zabandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma, au zasomwa upesi upesi na mtu mmoja kisha kufungiwa kabatini? Na yule jirani ajaye kwetu na karatasi yake, je, twamsomea tu na kumwacha aende, au twamwambia, "Keti hapa, mama, tuanze na herufi ya jina lako"?

Haba na haba hujaza kibaba. Mtu mmoja akimfundisha mtu mmoja kwa mwaka, hiyo si kazi ya kutangazwa katika redio, lakini mwisho wa mwaka yuko mtu mmoja zaidi aliyerudisha macho ya watu, akawa na yake. Tusimdharau mtu yule mmoja. Pengine amefumbatwa na siri ambayo haimpasi mwingine kuijua, ila yeye na mwanawe.

Wasalaam.